KARAMA MBELE YA BARAZA
Uhuru wa kusema katika kitabu cha Kusadikika



Vitabu vya Kiswahili vilivyosomwa na watoto wetu mashuleni kama Kusadikika cha marehemu Shaaban Robert ni vichache, na vilivyoeleweka nusu kama hicho ni vichache zaidi. Mwanafunzi hufundishwa kuwa kitabu hiki, kilichotoka mwaka 1951, ni fumbo la utawala wa kikoloni. Huliandika jambo hilo katika mtihani, akafaulu, akakifunga kitabu. Jambo lenyewe ni kweli. Marehemu alikuwa mtumishi katika serikali ya Mwingereza, na mtumishi hamsemi bwana wake waziwazi. Humtafutia nchi inayoelea angani akamsema huko. Lakini Mwingereza aliondoka mwaka 1961, na kitabu hakikuondoka naye. Lazima basi kina neno na sisi tuliobaki.

Kisa chake ni kifupi. Karama anashtakiwa mbele ya mfalme na baraza lake. Kosa lake si wizi wala kumwaga damu, bali ni kutaka kuwafundisha watu wa Kusadikika elimu ya sheria. Anapewa siku sita za kujitetea. Naye badala ya kujililia nafsi yake, anawataja wajumbe sita, Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini, ambao walitumwa pande zote, mbinguni na ardhini, kuitafutia nchi yao mambo ya kheri. Walikwenda kwa taabu, wakarudi na faida, na malipo yao yakawa kifungo. Mwisho baraza linaelewa, Karama anaachiwa, wajumbe wanafunguliwa.

Uzuri wa kwanza wa kitabu hiki ni kwamba mwandishi hakumpa Karama upanga wala jeshi. Amempa ulimi tu, na ulimi wenyewe una adabu. Karama hamtukani mfalme, na wala hamwogopi. Mambo hayo mawili ni mazito kuyachanganya. Wengi wetu tukiacha kuogopa hutukana, na tukiacha kutukana huwa tumekwisha kuogopa. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, ametufundisha kuwa neno la haki mbele ya mtawala dhalimu ni katika jihadi zilizo bora. Sharti ni neno liwe la haki, na liwe mbele yake, si nyuma ya mgongo wake.

Uzuri wa pili ni kuwa watawala wa Kusadikika wanaharibikiwa kwa kuziba masikio yao. Wazee wetu walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Shaaban Robert ameutazama upande ambao methali hiyo imeuacha: mkuu asiyesikia la mdogo huvunjika nini? Jibu lake ni kwamba inayovunjika ni nchi nzima, maana kila dawa iliyoletwa ilitiwa gerezani pamoja na mletaji.

Pamoja na sifa hizo, ninazo hoja mbili juu ya kitabu hiki.

Ya kwanza ni juu ya mwisho wake. Karama ameachiwa kwa sababu mfalme amelainika moyo. Je, angeamka siku hiyo na hasira? Uhuru unaotegemea moyo wa mtu mmoja ni fadhila, si haki, na mwenye kutoa fadhila anaweza kuirudisha mfukoni. Hapa ndipo ufalme unapoachana na demokrasia. Katika demokrasia raia hasemi kwa kuwa ameruhusiwa. Anasema kwa kuwa serikali ni yake. Katiba yetu ya mwaka 1977 iliingiziwa haki za binadamu mwaka 1984, na ibara ya 18 inampa kila mtu uhuru wa kutoa maoni na wa kutafuta habari.

Lakini tazama mambo yalivyokwenda. Kwa sheria ya magazeti ya mwaka 1976 waziri aliweza kulifungia gazeti kwa kalamu yake, na mwaka 2013 Mwananchi na Mtanzania yalifungiwa. Ikaja Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016, yenye leseni na adhabu zake, na Mahakama ya Afrika Mashariki huko Arusha ikaamua mwezi Machi 2019 kuwa vifungu vyake kadhaa vinakwenda kinyume na Mkataba wa Jumuiya. Kati ya mwaka 2016 na 2020 MwanaHALISI, Mawio, Mseto na Tanzania Daima kila moja lilipata kufungiwa au kunyang'anywa leseni. Mwezi Februari 2022 yote manne yakarudishiwa leseni, watu wakafurahi, na walikuwa na haki ya kufurahi. Sheria nayo ikarekebishwa mwaka 2023. Hata hivyo, mwezi Oktoba 2024 leseni ya kuchapisha mtandaoni ya kampuni ya Mwananchi ilisimamishwa kwa siku 30 kwa sababu ya katuni. Huo ndio mwisho wa Kusadikika: mlango unafunguliwa, lakini ufunguo unabaki kwa mwenye nyumba.

Hoja yangu ya pili ni kuwa Karama ni msafi mno. Kila alisemalo ni kweli na kila alitakalo ni kheri, basi swali la mipaka ya kusema halikuzuka kabisa. Duniani halikosi kuzuka, kwani ulimi hauna mfupa. Yuko msema kweli, na yuko mzushi. Yuko mnasihi, na yuko mfitini. Na wote wawili hudai uhuru mmoja.

Dini yetu haikuliacha jambo hili. Imeharimisha kusengenya, kusingizia na kudhihaki. Lakini Sura ya Nisaa, aya ya 148, iliyokataza kutangaza ubaya, papo hapo imemtoa katika makatazo hayo mtu aliyedhulumiwa. Imamu Nawawi naye ametaja mambo sita yanayoruhusu kumtaja mtu kwa ubaya wake, na miongoni mwake ni kushtaki dhuluma, kuomba msaada wa kuondoa uovu, na kuwaonya watu na madhara. Mwandishi wa gazeti anayefichua wizi wa mali ya umma yumo humo.

Zingatia mipaka hiyo inamlinda nani. Inailinda heshima ya jirani, ya mwanamke asiye na mtetezi, ya mtu asiyekuwepo kujijibu; na kinywa cha mwenye kudhulumiwa imekiacha wazi. Mipaka ya watawala mara nyingi imegeuzwa: inamkinga mwenye nguvu asisemwe, na mnyonge akizuliwa hapati pa kushtakia. Basi kipimo changu ni hiki. Ukiambiwa kuna mpaka wa kusema, uliza umewekewa nani.

Kipimo hiki na sisi Waislamu kitupime. Mwezi Februari 1998 wahubiri wetu walishtakiwa kuwa wanakashifu Ukristo, polisi wakauvamia msikiti wa Mwembechai, na katika ghasia zile watu waliuawa kwa risasi. Hamza Njozi aliandika kitabu juu ya mauaji hayo mwaka 2000, na serikali ikakipiga marufuku, ilhali kitabu hujibiwa kwa kitabu. Kujadili itikadi si kashfa, na risasi si hoja. Lakini mwezi Oktoba 2012, pale Mbagala, mtoto mmoja alipodaiwa kuidhalilisha Qur'ani, makanisa yalivunjwa na kuchomwa. Hapo nasi tulisahau kuwa moto si hoja. Na Sura ya An'am, aya ya 108, imetukataza kuwatukana wanaoabudiwa na wengine, wasije wakamtukana Mwenyezi Mungu kwa ujinga. Atakaye dini yake iheshimiwe aanze na ulimi wake.

Na hapa kwetu Buguruni, mtu aliyesimama mbele ya meza ya magazeti akisoma vichwa vya habari bila kununua, jioni huwa ameshakuwa hakimu barazani. Usiku hupeleka kwa simu uzushi ambao hakuuona wala kuuchunguza. Sura ya Hujurat, aya ya 6, imetuamrisha kupeleleza habari kabla hatujawadhuru watu bila kujua. Asiyepeleleza ndiye anayempa mtawala kisingizio cha kuwafunga midomo hata wasema kweli.

Kwa jumla, Kusadikika ni kitabu cha kuwekwa nyumbani. Mzazi akisome na wanawe, kisha awaulize maswali mawili ambayo mwandishi ameyaacha: mfalme angekataa, Karama angekuwa na haki gani? Na Karama angekuwa mwongo, nani angemzuia, na kwa sheria ipi? Mtoto anayeweza kuyajibu yote mawili ameielewa demokrasia, na ameielewa adabu ya ulimi.

Mwenyezi Mungu atujaalie ndimi za kweli na masikio yanayosikia. Amin.