Nyumba ya Kukokotwa kwenye Njia ya Sandoa

Tela la kulala, yaani nyumba ndogo yenye magurudumu isiyo na injini yake, ambayo hukokotwa na gari ili familia ipate vitanda, jiko na maji popote inapopiga kambi, huhukumiwa na wanunuzi wengi kwa yale yanayoonekana mlango unapofunguliwa: upana wa kitanda cha wazazi, wingi wa makabati, mng'aro wa jiko, na namna meza inavyoshushwa ikawa kitanda cha watoto. Hukumu hiyo ina haki yake, kwa kuwa humo ndimo watu watakamolala. Hata hivyo, katika mkoa wa Lualaba, na hasa kwa familia inayotoka Kolwezi kwenda Sandoa kwa kupitia Mutshatsha na Kasaji, mpangilio wa chumba unapaswa kuwa jambo la mwisho kuchunguzwa, na chombo chenyewe hakina budi kusomwa kuanzia chini kwenda juu: ekseli na magurudumu kwanza, kisha mkono wa kukokotea, kisha maungio ya kuta, na vitanda baada ya hayo yote.

Bara la Afrika lilikwisha kuyapima matela mapema sana. Katika miaka ya 1924 na 1925 msafara wa kampuni ya Citroën, ulioongozwa na Georges-Marie Haardt na Louis Audouin-Dubreuil, ulivuka bara kutoka Algeria kwa magari manane yenye minyororo ya mpira nyuma, yakikokota matela ya kubebea vifaa vya kambi. Lakini msafara wa matela ya kulala hasa ulikuja mwaka 1959, Mmarekani Wally Byam, mwanzilishi wa kampuni ya Airstream, alipowaongoza watu 106 wenye matela 41 ya alumini kutoka Cape Town hadi Kairo, safari ya siku 221 na zaidi ya kilomita 19,000, iliyopita katika Kongo ya Wabelgiji chini ya mwaka mmoja kabla ya uhuru wa Juni 30, 1960. Wengi wa wasafiri hao hawakuwa wapelelezi wala askari. Walikuwa watu wa kawaida waliotaka kulala katika shuka zao wenyewe kila jioni. Picha yao inayojulikana sana ni ile ya matela yaliyopangwa duara karibu na mapiramidi, yote yaking'aa. Picha hiyo haionyeshi ekseli zilizovunjika, mikono ya kukokotea iliyopinda na matairi yaliyopasuka njiani, na kwa mchambuzi wa ufundi hayo ndiyo yenye mafunzo.

Byam aliyaita makundi yake misafara, neno ambalo kwa msomaji wa Kiswahili lina historia ndefu zaidi, kwa kuwa njia za kuingia Katanga, hadi Bunkeya kwa Msiri, zilikanyagwa na misafara ya wapagazi katika karne ya 19. Kulinganisha misafara hiyo miwili kunaeleza tatizo la tela kuliko mchoro wowote. Mpagazi alichukua mzigo wa kilo 30 hivi, na kila mguu ulichagua pa kukanyaga. Hema, sufuria, nguo na chakula viligawanywa juu ya mamia ya miguu iliyoweza kuruka shimo au kupita kando ya tope. Tela la kilo 1,500 limekusanya mizigo ya wapagazi 50 na kuiweka juu ya magurudumu mawili yasiyo na uwezo wa kuchagua, kwa sababu gurudumu la tela hufuata tu, na dereva akilikwepa shimo kwa gari lake, mara nyingi ndipo analipeleka tela ndani ya shimo hilohilo.

Hapo ndipo ekseli inapokuwa kiungo cha kwanza cha kuchunguzwa. Ekseli ni mhimili unaobeba uzito wote na kuupeleka kwenye magurudumu, na kati yake na fremu ya tela huwekwa kitu cha kupokea mtikisiko. Namna ya zamani ni springi za mabamba ya chuma yaliyopangwa juu kwa juu, ambazo zina sifa moja kubwa katika eneo la Sandoa, nayo ni kwamba fundi wa malori anazijua, anaweza kupata bamba la kufanana nazo katika gereji ya Kolwezi au Kasaji, na anaweza kulifunga kwa boliti za kawaida. Namna ya pili ni ekseli ya msokoto, ambamo mkono wa gurudumu huzungusha chuma kilichobanwa na vipande vya mpira ndani ya bomba, na mpira huo ukisokotwa hupokea mshtuko wa shimo. Airstream yenyewe ilianza kutumia namna hii mwaka 1961. Ni laini, haina mabamba ya kusuguana, na hulifanya tela litulie katika lami. Lakini mpira ukichoka hakuna cha kutengeneza barabarani, kwani ekseli nzima hubadilishwa. Kwa barabara inayopita mbali na maduka ya vipuri, springi za mabamba zikiongezewa shokapu, yaani vidhibiti vinavyozuia springi isiendelee kudunda baada ya shimo, zinastahili kupewa nafasi ya kwanza, ingawa katika maonyesho ya wauzaji huonekana kama teknolojia ya babu.

Shokapu zina umuhimu wa pekee kwa sababu ya mikunjo. Barabara ya udongo inayopitwa na malori hujikunja ikawa na mawimbi madogo yaliyopangana kama bati la kuezekea, na dereva mzoefu huongeza mwendo hadi gari lake lianze kupita juu ya vichwa vya mawimbi bila kutikisika sana. Mbinu hiyo hulisaidia gari na kulidhuru tela, kwa kuwa springi za tela huwa ngumu zaidi, na lisipokuwa na shokapu magurudumu yake hudunda hewani na kurudi chini mara nyingi kwa kila sekunde, huku hesabu ya mapigo hayo ikilipwa na ribiti za ukuta, bawaba za makabati na beringi za magurudumu. Mtu akisimamisha gari baada ya saa moja ya mikunjo na kuweka kiganja juu ya kitovu cha gurudumu la tela, atapata habari kamili kuliko kipimo chochote kilichofungwa kwenye dashibodi: kitovu chenye uvuguvugu ni kizima, kitovu kinachofanya mkono uondolewe haraka kina beringi iliyokazwa kupita kiasi, isiyo na grisi ya kutosha, au breki inayosugua bila kuachia. Matela mapya yanahitaji ukaguzi huo zaidi, kwa sababu beringi zilizofungwa kiwandani hujikalisha katika kilomita za mwanzo na huhitaji kukazwa upya.

Uzito nao una kanuni yake. Sehemu ya uzito wa tela inayoegemea gololi ya kuunganishia nyuma ya gari inapaswa kuwa kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wote, yaani kilo 150 hadi 225 kwa tela la kilo 1,500. Ikipungua, kwa sababu familia imejaza magunia ya unga, jenereta na madumu ya maji nyuma kabisa, tela hugeuka kuwa kitu kinachoning'inia na kuyumba kushoto na kulia, kila myumbo ukiukuza unaofuata, hadi gari lenyewe linasukumwa nje ya njia. Maji ndiyo yanayosahauliwa zaidi katika hesabu hii: tangi la lita 100 ni kilo 100, na likiwekwa nyuma ya ekseli huiharibu mizani iliyopangwa vizuri likiwa tupu. Mtengenezaji mwema huliweka tangi juu ya ekseli au mbele yake kidogo, na mnunuzi huweza kuthibitisha hilo kwa kuinama tu na kutazama chini ya sakafu.

Baada ya Kolwezi, kuelekea magharibi, ardhi hubadilika, na udongo mwekundu hupisha nyanda zenye mchanga wa Kalahari, ambao umeenea katika sehemu kubwa ya magharibi ya Lualaba. Katika mchanga huo malori huchimba mifereji miwili, na kila gari linalofuata hulazimika kutembea humo. Hapa kuna kipimo ambacho wauzaji hawakitaji: umbali kati ya gurudumu la kushoto na la kulia la tela unapaswa kulingana na ule wa gari linalokokota. Tela lililo jembamba kuliko gari hupandisha gurudumu moja juu ya tuta la katikati na jingine ndani ya mfereji, likatembea limeinama kwa makumi ya kilomita, likilima mchanga mpya ambao injini ya gari ndiyo inayolipa gharama yake kwa mafuta. Kupunguza upepo wa matairi, ya gari na ya tela pia, hadi karibu bar 1.5 huongeza eneo la tairi linalogusa mchanga na kupunguza kuzama. Lakini lazima kuwe na pampu ya kuyarudisha katika hali yake ngumu inapofikiwa ardhi imara, kwa maana tairi laini likienda kasi hupata joto na kupasuka.

Vumbi ndilo hakimu wa mwisho wa maungio ya kuta. Nyuma ya kitu chochote kinachokwenda kasi hewa huwa pungufu, na upungufu huo hulivuta vumbi kupitia kila tundu la nyuma na la chini, hata kama milango imefungwa. Ndiyo maana kufunga madirisha yote kwa nguvu hakutoshi. Matela yaliyobuniwa kwa barabara za udongo huwa na tundu la juu upande wa mbele, lenye kichujio, ambalo huingiza hewa safi tela linapotembea, mgandamizo wa hewa ya ndani ukawa mkubwa kuliko wa nje, na vumbi likasukumwa badala ya kuvutwa. Tela lisilo na tundu hilo hueleza udhaifu wake lenyewe jioni ya kwanza. Kabati la chini likifunguliwa, sahani ya juu huwa na utando, na utando huo hauko sawa: huwa mzito karibu na tundu la bomba la gesi au waya, kisha huenea kama upepeo kuelekea upande wa pili. Ukiwa mwekundu, tundu lilikuwapo tangu Kolwezi. Ukiwa na rangi ya mchanga tu, bila wekundu chini yake, ungio liliachia baada ya Mutshatsha. Kipande cha mpira na gundi ya silikoni hulitibu kwa dakika kumi, mradi mtu ametazama kabla ya kufuta.

Usiku huleta maswali mengine. Katika miezi ya Juni na Julai joto la Kolwezi huweza kushuka chini ya nyuzi 10, na watu wanne waliolala katika chumba kidogo hutoa, kwa pumzi na jasho, si chini ya nusu lita ya maji hadi asubuhi. Maji hayo hugeuka matone kwenye ukuta wa alumini, hutiririka nyuma ya godoro na kuingia katika sakafu ya plaiwudi, ambayo huoza kimyakimya kuanzia pembeni. Dirisha la dari lililoachwa wazi kidogo, lenye wavu wa mbu, ni bora kuliko hita yoyote. Friji la gesi, ambalo hupoza kwa kuchemsha amonia kwa mwali mdogo na halina mota, hutaka tela lisimame sawasawa, kwani majimaji yake hurudi chini kwa uzito wake tu.

Umeme unastahili neno la pekee katika nchi ya shaba. Mfumo wa betri za volti 12 unahitaji mkondo mkubwa: kifaa cha wati 60 huvuta ampea 5, ilhali katika umeme wa nyumbani wa volti 220 kingevuta pungufu ya ampea 0.3. Waya mwembamba hupoteza volti njiani, na taa huwa hafifu hata paneli za jua zikiwa kubwa. Ni jambo la kuhuzunisha kwamba shaba huondoka Kolwezi kwa malori mazito, kisha hurudi ndani ya tela ikiwa nyuzi nyembamba zilizobanwa kwa ajili ya faida. Mnunuzi wa Lualaba ana kila sababu ya kudai unene wa waya kabla ya kuuliza ukubwa wa televisheni.

Kwa vipimo hivi, tela linaloifaa familia ya Lualaba ni fupi, lenye ekseli moja imara, springi za mabamba na shokapu, magurudumu ya ukubwa uleule na upana uleule wa gari, tangi la maji juu ya ekseli na tundu la hewa mbele. Vitanda vikibanana, hema linaweza kuongezwa pembeni. Tela refu lenye sebule linafaa njia ya lami, na huko libaki. Familia inayopokea tela jipya na ilipeleke kwanza kwenye bwawa la Nzilo, lililo karibu na Kolwezi, ilale usiku mmoja, ifungue vitovu, ikaze beringi na kutazama sahani kabla ya kuzifuta, ndipo ishike njia ya Kasaji na kwenda hadi Sandoa, kandokando ya mto Lulua. Wakati wa kufanya hivyo ni kati ya Mei na Septemba. Mvua huanza Oktoba.