Mwamvuli Uliokosa Mwamba

Kosa lilifanyika kabla hata mche mmoja haujafungwa: kuotesha kelpu, mwani mkubwa wa baharini, mahali pasipo na mwamba.

Waliofuatilia mradi wa Wamarekani wa kupata methani kutoka kwenye kelpu wanaukumbuka mwamvuli ule wa robo ekari, mtambo wa kufungia kelpu uliowekwa mwaka 1978 kwenye maji marefu nje ya Corona del Mar, California. Nanga zilikuwepo, na bomba la kuvuta maji yenye rutuba kutoka kina cha mita 450 lilikuwepo. Miche mikubwa zaidi ya 100 iling'olewa ikafungwa kwenye mikono ya mtambo.

Hapo ndipo pa kusimama. Kelpu ikiwa kwao, kishikio chake hung'ang'ania jiwe huku vibofu vya hewa vikilinyanyua shina, na mmea mzima huyumba na mkondo bila kugusa kitu kigumu. Kwenye mwamvuli, kila wimbi liliusukuma mmea kwenye nyaya. Wahandisi walilijua hilo, ndiyo maana wakazungushia pazia la kuvunja mkondo. Dhoruba ikalichana pazia. Kuanzia hapo ni kukwaruzana tu: majani yakachanika, mashina yakakatika, na baada ya miezi michache miche iliyohamishiwa pale ikawa imekwisha yote. Na maji ya kina yaliyopandishwa kwa gharama? Ni baridi na mazito. Yakimwagwa juu huzama tena na mbolea yake.

Kazi ya maabara, kuiozesha kelpu hadi itoe methani, ilikwenda vizuri.

Kinachouma ni kwamba Wheeler North, mtaalamu wa kelpu, alikuwemo kwenye mradi. Huyu ndiye aliyesaidia kufufua misitu ya kelpu ya Palos Verdes, kwa kupandikiza chini, kwenye mwamba. Hata mama mkulima wa mwani wa Paje, Zanzibar, hupigilia vigingi kwanza, ndipo afunge kamba ya mwani.

Linganisha na watu wa Hercules Powder, kampuni ya baruti iliyokuwa na kiwanda Chula Vista, California. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza walifyeka vilele vya kelpu ya mwituni kwa mashua, wakaichachusha kwenye matangi na kupata asetoni ya baruti ya Waingereza. Hawakuhamisha mche hata mmoja.

Mradi ulipofungwa miaka ya 1980, lawama ilitupiwa bei ya nishati iliyoshuka. Lakini miche ile ilikufa mapema 1979, mafuta yakiwa yanapanda bei.