Kulinganisha Maneno kwa Kompyuta: Kutafsiri au Kugeuza?

Kiwango cha lugha ya C cha mwaka 1989 kiliruhusu mfuatano wa herufi ubadilishwe kabla ya kulinganishwa. Kuiita kazi hiyo "kutafsiri" ni kupotosha, kwani maana haiguswi. Hutolewa nakala tu, iliyopangika kwa mazoea ya lugha husika. "Kugeuza" latosha.

Bila ugeuzi huo, katika orodha ya kijiji cha Singida, "Issuna" hutangulia "alizeti", maana I kubwa ni 73 na a ndogo ni 97. Na ritifaa, yenye 39, huipandisha "ng'ombe" juu ya "ngano". Karani atafutaye kwa utaratibu wa kamusi atadhani ng'ombe hawakuandikwa! Ritifaa si herufi. Katika ng' ni sehemu ya sauti moja. Programu ielezwe hivyo.