Wano na Ngewa: Nafasi ya Nyanya katika Fasihi-Simulizi ya Ukambani

Stesheni ya Sultan Hamud imo katika njia ya reli itokayo Mombasa kwenda Nairobi, baina ya Emali na Kima, katika nchi ambayo leo ni Kaunti ya Makueni. Jina lake si la Kikamba. Inaelezwa kwamba lilitolewa kwa heshima ya Sayyid Hamud bin Muhammad, Sultani wa Unguja tangu 1896 hadi 1902, aliyefika huko kuitazama reli ilipokuwa ikijengwa. Kima nayo imeingia vitabuni kwa sababu ya simba aliyemwua ofisa wa polisi wa reli, Charles Ryall, mwaka 1900. Kisa hicho kimo katika kitabu cha J. H. Patterson kilichotolewa mwaka 1907. Hivyo msomaji wa vitabu akipita njia hiyo hukumbuka sultani mmoja na simba mmoja. Lakini wenyeji wanapoitaja miaka hiyo hiyo, hutaja kwanza Yua ya Ngomanisye, njaa kuu ya 1898 na 1899. Na majumbani, walioihifadhi habari ya njaa hiyo na kuirithisha ni aghalabu wanawake wazee, ambao Kikamba huwaita susu, yaani nyanya.

Nyanya hutajwa sana katika maandishi ya fasihi-simulizi, lakini hutajwa kama ghala. Husemwa kwamba yeye ni hazina ya mila, kisha mkusanyaji hufungua ghala hilo, huchukua ngano, na huondoka. Mtazamo huo una kasoro. Nyanya ni msanii mwenye kuchagua na kuunganisha, na sehemu kubwa ya sanaa yake imo katika kiungo kilicho baina ya tanzu mbili ambazo wataalamu wamezoea kuzitenga.

Kikamba chenyewe kina maneno mawili yanayohusika hapa. Wano, ambayo wingi wake ni mbano, ni ngano: hadithi ya wanyama, ya mazimwi, ya vijana waliopotea mwituni. Ngewa ina maana pana zaidi. Ni masimulizi, maongezi, habari ya mambo yaliyompata mtu. John S. Mbiti alilitumia neno hilo katika jina la kitabu chake cha Kikamba cha mwaka 1954, Mutunga na Ngewa Yake. Katika kundi hili la pili ndimo zinamoingia habari za ukoo: nani alihama kutoka wapi, nani aliolewa kwa mahari gani, nani alinusurika njaa na kwa njia gani.

Ukiangalia mikusanyo iliyochapishwa, utaona ni kundi gani lililopewa heshima. Gerhard Lindblom, Mswidi aliyefanya utafiti Ukambani kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, alitoa juzuu tatu za fasihi-simulizi ya Wakamba baina ya 1928 na 1935. Moja ni ya hadithi za wanyama, nyingine ni ya viumbe vya ajabu na visa vya kusisimua, na nyingine ni ya vitendawili, methali na nyimbo. Kazi hiyo ni kubwa na haina budi kushukuriwa. Hata hivyo, katika mpango huo habari ya ukoo haina juzuu. Mbiti, mzaliwa wa Kitui aliyekusanya ngano kwa lugha ya mama yake, alizifikisha kwa wasomaji wa ulimwengu katika Akamba Stories ya 1966. Naye vilevile alichagua wano. Ufundishaji ulifuata njia hiyo hiyo. Hoja ya Ngugi wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong ya mwaka 1968 katika Chuo Kikuu cha Nairobi iliifungulia fasihi-simulizi mlango wa taaluma, na katika miaka ya 1980 somo hilo lilienea katika shule za sekondari. Mwanafunzi akatumwa kwa nyanya yake na jedwali la tanzu mkononi. Alichosimuliwa ambacho hakikuingia katika jedwali hakikuandikwa.

Je, kutenga huko kunadhuru? Kunadhuru, na ushahidi wa kwanza umo katika lugha. Neno aimu katika Kikamba hutumika kwa mizimu ya wazee waliofariki, na neno lilo hilo, katika umbo la umoja, ndilo jina la zimwi lilalo watu katika ngano. Mtoto asikiaye habari ya zimwi jioni husikia neno ambalo mchana limetajwa kwa heshima katika habari za mababu. Mpaka baina ya ngano na ukoo, ambao mkusanyaji huuchora kwa wino, katika lugha ya msimulizi ni mwembamba sana.

Ushahidi wa pili umo katika majina. Mkamba humpa mtoto jina la babu au nyanya, hata kama mwenye jina bado yu hai. Kuna majina yenye habari ndani yake: Wambua ni wa wakati wa mvua, Mutuku ni wa usiku, Wayua ni wa wakati wa njaa. Msichana aitwaye Wayua huenda alizaliwa katika mwaka wa neema; njaa iliyomo katika jina lake ni ya nyanya yake, au ya nyanya wa nyanya yake. Siku moja atauliza kwa nini anaitwa hivyo, na jibu litakuwa ngewa. Hapo jina ni mlango wa masimulizi, na mwenye ufunguo ni yule anayeshiriki jina.

Ushahidi wa tatu ndio mzito zaidi. Wakati wa Ngomanisye jamaa nyingi za Ukambani ziliwapeleka wanawake na watoto nyanda za juu kwa Wakikuyu, wengine wakiwekwa rehani ili jamaa ipate chakula. Mwanahistoria Charles Ambler ameyaeleza mambo hayo katika kitabu chake cha 1988. Wengine walirudi, wengine hawakurudi. Habari kama hiyo si rahisi kuisimulia mbele ya wajukuu. Msimulizi wa ngewa anaweza kusema tu kwamba fulani alikwenda kukaa kwa rafiki wa baba yake, kisha akanyamaza. Lakini ngano haina aibu hiyo. Msichana aliyetolewa kwa zimwi, ndugu amfuataye, chakula kiletwacho na mgeni asiyejulikana: mambo hayo yaweza kusemwa wazi, kwa kuwa ni wano tu. Nyanya anayeisimulia ngano ya namna hiyo, kisha akaitaja Ngomanisye na kunyamaza, amekwisha kusema yote. Anayeandika ngano peke yake amepata zimwi bila njaa. Anayeandika habari peke yake amepata kimya bila maana.

Kosa hili si la Ukambani pekee. Glikl wa Hameln, mwanamke wa Kiyahudi aliyezaliwa Hamburg katika miaka ya 1640, alianza mwaka 1691, baada ya kufiwa na mumewe, kuwaandikia watoto wake kwa lugha ya Kiyidi habari za maisha yake. Katika vitabu vyake saba alichanganya hesabu za biashara, ndoa na misiba ya ukoo pamoja na ngano na mafumbo. Maandishi hayo yalihifadhiwa na kunakiliwa na wazao wake hadi yalipochapishwa mwaka 1896. Alfred Feilchenfeld alipoyatafsiri kwa Kijerumani, mwaka 1913, aliziondoa ngano nyingi mahali pake, kwa kuona zinakatiza historia. Ilipasa kungoja wahakiki wa baadaye, miongoni mwao Natalie Zemon Davis mwaka 1995, kuonyesha kwamba mama huyo alizipanga ngano kwa makusudi, ili zijadili yale yaliyompata. Mfasiri wa Kijerumani alibakiza ukoo akaitupa ngano. Wakusanyaji wa Ukambani walibakiza ngano wakauacha ukoo. Mikato hiyo miwili inapingana kwa sura, lakini jeraha ni moja.

Pingamizi moja lastahili kujibiwa. Itasemwa kwamba habari za ukoo ni kazi ya mwanahistoria, si ya mhakiki wa fasihi. Ni kweli kwamba mwanahistoria anazihitaji, na ni kweli pia kwamba nyanya si shahidi asiye na upande: yeye hutetea ukoo, huficha fedheha, na wakati mwingine humwonea mke-mwenza aliyekwisha kufa. Lakini hizo ndizo sababu za kumhitaji mhakiki. Uteuzi wa tukio, mahali pa kuanzia, mahali pa kunyamaza na wakati wa kuingiza ngano ni mambo ya fani. Asiyeyachunguza hawezi kuifikia dhamira.

Kwa hiyo mtafiti aendaye Sultan Hamud au kwingineko hana budi kubadili desturi. Anukuu jioni nzima, asinukuu ngano moja moja. Aandike kilichotangulia ngano na kilichoifuata, aliyeuliza swali na aliyenyamazishwa. Msimulizi atajwe kwa jina kama atajwavyo mtunzi, iwapo ameridhia, na siri za ukoo zibaki chini ya amri yake. Kazi hii haingoji. Tangu 2017 reli mpya inapita Makueni, na wajukuu wengi wa nchi hiyo hukulia Nairobi na Mombasa, mbali na meko ya nyanya zao. Ngano zitapatikana katika maktaba. Kiungo kilichoziunganisha na jina la Wayua hakimo katika maktaba yoyote; kimo katika kauli ya mwanamke mzee, naye akiondoka, zimwi litabaki kuwa zimwi tu.