Unga na chenga: kuchagua mashine ya kusagia kahawa

Ruhembe ni nchi ya miwa. Msimu wa mavuno unaamka na kukuta majivu meusi ya mashamba yaliyochomwa usiku yametua kwenye nguo ulizoanika, na harufu inayokuja kutoka upande wa kiwanda cha sukari, kile tunachokiita K2, si ya kahawa hata kidogo. Kahawa kwetu ni mpita njia: inapita Mikumi ndani ya maroli yanayotoka Mbozi kwenda Dar es Salaam. Kwa hiyo shemeji yangu aliporudi kutoka Vwawa na kilo mbili zilizokwisha kukaangwa, swali likawa moja tu: tutazisaga na nini?

Jikoni kwake vilikuwapo vitu vitatu. Kinu na mchi. Blenda yenye kile kikombe kidogo cha kusagia viungo. Na mashine ya chuma ya mkono, ya kubana ukingoni mwa meza, ambayo dada husagia karanga. Tukasaga kiasi kilekile kwa kila kimoja, tukamwaga kwenye sahani nyeupe, kisha tukachekecha kwa chujio la chai.

Blenda ndiyo iliyoaibika kwanza. Kisu chake hakisagi, kinapigapiga. Punje iliyo karibu nacho inapigwa mpaka inakuwa poda, iliyo juu inarukaruka bila kuguswa. Sahanini tulipata unga kama wa ngano na chenga kubwa kama mtama, vyote pamoja. Ukiiendesha zaidi ili uzimalize chenga, unga ndio unaozidi, na kikombe kinapata joto.

Ubaya wa mchanganyiko huo mtu wa miwa anauelewa haraka. Kiwanda cha sukari hakiingizi muwa mzima kwenye rola. Unakatwa kwanza kwa visu na kuchambuliwa nyuzi, ili maji ya moto yanayomwagiwa makapi yafikie utamu uliojificha ndani. Kahawa ni hivyohivyo. Karibu asilimia 30 ya uzito wa punje iliyokaangwa inaweza kuyeyuka majini, lakini waonjaji hulenga kati ya 18 na 22; chini ya hapo kikombe kinakuwa kichachu, juu ya hapo kinaingia uchungu na ukakasi. Sasa weka unga na chenga katika chujio moja. Maji ni yaleyale na dakika ni zilezile, ila unga umeshatoa mpaka uchungu wake wakati chenga ndiyo kwanza inalowana. Unakunywa makosa mawili kwa mkupuo mmoja, na hakuna kipimo cha maji kinachoyarekebisha.

Kinu kilijitetea vizuri kuliko nilivyotarajia. Dada alitwanga, akachekecha, akarudisha chenga kinuni, akatwanga tena, mpaka ikawa laini yote. Kwa kahawa ya kuchemsha, ile ya kwenye dele yenye tangawizi, inayoachwa mashapo yatuame, hiyo inatosha kabisa, na anayekunywa hivyo asipoteze hela yake. Shida inaanza ukitaka chujio la karatasi au birika la kubonyeza. Hapo unazitaka chenga, ila ziwe za ukubwa mmoja, na mchi haujui kuishia katikati.

Ikabaki mashine ya karanga. Kimsingi ndiyo yenye akili: sahani mbili za meno, moja imetulia, nyingine inazunguka, na punje haitoki mpaka itoshe kupenya kwenye nafasi iliyo kati yao. Skrubu ya mbele ndiyo inayopanga nafasi hiyo. Lakini ya dada ilitoa chenga mbovu karibu sawa na blenda. Nikashika mpini nikautikisa: mhimili ukacheza. Tukapaka chaki kwenye meno ya sahani moja, tukakaza skrubu mpaka zikagusana kidogo, tukazungusha mara moja na kufungua. Chaki ilikuwa imefutika upande mmoja tu. Sahani zilikaa mshazari, upande huu zimebana, upande ule punje inapita karibu nzima.

Dawa ilikuwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, imekunjwa mara mbili na kuwekwa nyuma ya sahani, upande ule ambao chaki haikuguswa. Tukajaribu, tukaongeza mkunjo mmoja, mpaka chaki ikafutika duara karibu lote. Kisha tukasaga mchele mkavu wa Ifakara, viganja viwili, ili utoe mafuta ya karanga yaliyochacha ndani. Maji hayafai, chuma kile kinashika kutu upesi.

Kwa hiyo anayekwenda dukani asianze kuuliza nguvu ya mota. Ashike mhimili autikise, kwanza. Mashine ndogo za mkono zilizotengenezwa kwa ajili ya kahawa, zenye meno ya umbo la pia, moja likiwa ndani ya jingine, hushinda zote hizi iwapo mhimili wake umeshikwa juu na chini. Ukishikwa sehemu moja tu, utarudi kwenye karatasi ya sigara. Na umeme ukikatika, haikuhusu.

Kahawa ya shemeji sasa inatoka safi. Asubuhi anasaga ya siku hiyo tu, kwa kuwa iliyosagwa huishiwa harufu upesi, na anaikagua sahanini kama mkaguzi wa mpunga. Dada bado anadai mashine yake ya karanga.