Majua Matano na Malimwengu Tele

Majua matano! Sayari kwa makumi, miezi kwa mamia, na karibu kila mahali pana watu, masoko, makanisa, mashamba na walanguzi wa ng'ombe. Hii ndiyo ramani ya Verse, ulimwengu wa tamthilia ya Kimarekani Firefly iliyotoka mwaka 2002, ikafuatiwa na filamu ya Serenity mwaka 2005. Nimeikunjua mezani hapa Newala kwa mara ya kwanza na sijaweza kuikunja tena. Wapenda anga wenzangu wa Masasi, Mkunya na Tandahimba, itafuteni. Itafuteni leo!

Kwa asiyeijua hadithi yenyewe: watu wameihama Dunia iliyochakaa, wakafika kwenye mfumo mwingine wa nyota na kuzigeuza sayari zake, moja baada ya nyingine, mpaka zikakalika. Aliyeibuni ni Joss Whedon, na ndani ya vipindi mpangilio wa mfumo huo hauelezwi sawasawa. Mtazamaji anarushwa kutoka sayari hadi mwezi asijue kipi kiko wapi. Ramani ndiyo inayomaliza ubishi. Katikati limekaa Jua Jeupe. Majua mengine manne, yaani Georgia, Jua Jekundu, Kalidasa na Jua la Bluu, yanalizunguka kwa mbali, na kila moja limekumbatia sayari zake. Londinium na Sihnon, makao ya matajiri na serikali, ziko kwenye Jua Jeupe. Miranda, sayari yenye siri inayobeba filamu nzima, imetupwa pembezoni kwenye Jua la Bluu. Ukiangalia kwa dakika chache tu unaelewa kwa nini wakubwa ni wakubwa na kwa nini wakimbizi hukimbilia kule wanakokimbilia. Jiografia imeishika siasa mkononi! Waandishi wangapi wa hadithi za anga wanaweza kulifanya hilo?

Halafu kuna jina. Mfumo wote umeitwa 34 Tauri, na hilo ni jina la kweli katika historia ya unajimu wa darubini. Mwaka 1690 Mwingereza John Flamsteed aliandika katika orodha yake nyota aliyoiita hivyo, ndani ya kundi la Ng'ombe, kundi lile lile lenye Kilimia chetu. Haikuwa nyota. Ilikuwa sayari ya Uranus, ambayo William Herschel aliitambua mwaka 1781, miaka 91 baadaye. Sijui kitu kitamu zaidi ya hicho: nyota iliyogeuka sayari imeazima jina lake kwa hadithi ya sayari zinazogeuzwa.

Sasa swali ambalo mwalimu yeyote wa fizikia angeuliza: je, inawezekana? Majua matano pamoja, na dunia zote hizo, bila kugongana wala kutupana nje?

Majua matano hayana tatizo hata kidogo. Nyota ya Castor, katika kundi la Mapacha, huonekana kwa macho kama nukta moja, kumbe ni nyota sita zilizofungamana kwa uvutano, umbali wa takriban miaka ya nuru 50 kutoka hapa. Siri ni ngazi. Nyota mbili huzungukana kwa karibu mno, jozi hiyo huzungukana na jozi nyingine kwa mbali, na jozi ya tatu huzizunguka zote kwa mbali zaidi. Pengo kati ya ngazi na ngazi likiwa kubwa vya kutosha, kila nyota inaweza kulea sayari zake bila kuvurugwa na jirani. Ramani ya Verse imefuata mantiki hiyo hiyo, na ndiyo maana nilipoona mapengo makubwa kati ya majua niliruka kwenye kiti.

Idadi ya sayari ndipo watu wengi hukunja uso, nami nasema wakunjue. Mwaka 2020 Stephen Kane wa Chuo Kikuu cha California, Riverside, alikokotoa na wenzake kwamba nyota moja inaweza kushikilia hadi sayari saba ndani ya ukanda ambao maji hubaki maji, yasigande wala kuchemka yakaisha. Sharti mojawapo ni kwamba kusiwe na jitu kama Mshtarii jirani la kuzisukuma. Saba kwa nyota moja! Zidisha kwa majua matano, bila kuhesabu mwezi hata mmoja. Mfaransa-kwa-makazi Sean Raymond, anayefanya kazi Bordeaux, ameenda mbali zaidi: mwaka 2023 yeye na wenzake walionyesha kwa kompyuta kwamba sayari zipatazo 24 zenye uzito wa Dunia zinaweza kutumia njia moja ya kulizunguka jua kwa muda mrefu mno bila kugongana. Maumbile hayajatuonyesha kitu kama hicho, lakini kanuni za Newton hazikikatazi, na mwandishi wa hadithi anachohitaji ni ruhusa ya Newton.

Na kuna mfano ulioko kweli! Tarehe 22 Februari 2017 timu ya Michaël Gillon wa Chuo Kikuu cha Liège, Ubelgiji, ilitangaza sayari saba zenye ukubwa unaokaribia wa Dunia zikizunguka nyota ndogo nyekundu iitwayo TRAPPIST-1, umbali wa miaka ya nuru kama 40. Darubini ya timu hiyo iko Chile na nduguye iko Afrika, Oukaïmeden, kwenye milima ya Atlas nchini Moroko. Nyota yenyewe ina uzito wa takriban asilimia 9 tu ya Jua letu. Sayari zake zote saba zimebanana karibu nayo kuliko Utaridi ilivyo karibu na Jua: ya kwanza humaliza mwaka wake kwa siku moja na nusu, ya mwisho kwa siku 19 hivi. Hazigongani kwa sababu zinakwenda kwa hesabu moja. Wakati ya mwisho inazunguka mara 2, zilizotangulia huzunguka mara 3, 4, 6, 9, 15 na 24. Watafiti wa Toronto waliigeuza hesabu hiyo kuwa muziki, na unasikilizika! Ukisimama juu ya mojawapo ya sayari hizo, baadhi ya jirani zake zingepita angani zikionekana kubwa kuliko Mwezi wetu. Mwezi Septemba na Oktoba kundi la Ndoo, ilimo nyota hiyo, hupita karibu juu ya utosi wetu huku Newala jioni ikishatulia. Kwa macho huioni, ni hafifu mno, lakini elekeza kidole na ujue kwamba umeelekeza panapostahili.

Sayari tatu kati ya hizo saba ndizo hutajwa zaidi kuwa ndani ya ukanda wa maji. Na hapa furaha yangu haipungui, ila inakuwa na masharti, kwa sababu kukaa kwenye ukanda si kukalika.

Sisi wa Newala, kwenye uwanda huu wa juu, tunalijua hilo kuliko watu wengi. Wamakonde husimulia kwamba mtu wa kwanza alichonga mti akapata mke, wakaenda kukaa penye mto, mtoto wao akazaliwa mfu. Wakahamia mahali pengine, wa pili naye vivyo hivyo. Wakapanda kwenye pori la juu, na wa tatu akaishi. Ndipo wazee wakausia kwamba watu wasijenge mabondeni wala kando ya maji makubwa, kwani huko kuna maradhi na mauti. Mjerumani Karl Weule, aliyepita Masasi na Newala mwaka 1906, aliyaandika masimulizi hayo. Tazama fikra iliyomo: mahali penye maji tele hapakukalika, na mahali pakavu pakakalika. Bei yake ikawa kubwa. Mvua inanyesha huku juu, lakini mchanga unaimeza, na maji yanatokea chini kabisa, kwenye miguu ya mteremko. Vizazi vya akina mama vilipanda na kushuka ngema hizo na vyombo kichwani, mpaka ulipokuja mradi wa maji wa Makonde unaoyasukuma maji kwa mashine kutoka Mitema. Simama Shimo la Mungu, utazame bonde la Ruvuma lilivyo mbali chini yako, utaelewa kwamba kukalika ni umbali, ni hewa, ni maradhi, na ni kazi ya watu.

Kwa kipimo hicho TRAPPIST-1 inatia mashaka. Mwaka 2023 darubini ya James Webb ilipima sayari yake ya kwanza na kukuta upande wa mchana una joto la nyuzi kama 230, bila dalili ya angahewa ya maana. Nyota ndogo nyekundu hufoka miale mikali, hasa zikiwa changa, na inaweza kuipepeta hewa ya sayari zake hadi iishe. Zile za mbali zaidi bado zinachunguzwa, na mimi kila taarifa naisubiri kwa moyo wote!

Kwa kipimo hicho hicho Verse inateleza mahali pamoja, kwenye miezi. Ramani inaipa miezi mingi hewa na uzito wa kutosha mtu kutembea kama yuko Dodoma. Mwezi wetu una uvutano wa moja ya sita tu ya Dunia. Hewa ukiipeleka, kwa joto la kukalika, itatoroka. Titan, mwezi wa Zohali, una hewa nzito kuliko yetu, lakini inabaki kwa sababu kule ni baridi kali, nyuzi 180 chini ya sifuri. Na kugeuza sayari kwa miongo michache ni mwendo ambao siukubali. Mwaka 2018 Bruce Jakosky na Christopher Edwards walionyesha kwamba hata Mirihi haina kabonidioksaidi ya kutosha inayofikika kuipa blanketi la joto kwa teknolojia ya leo. Ningewaongezea watu wa Firefly karne nyingi, na hadithi isingepoteza kitu.

Lakini kinachonikosesha usingizi baada ya kuiona ramani hii ni kwamba sisi tunayo nyota yetu ya kuchora! Desemba 2019, Umoja wa Kimataifa wa Unajimu ulipotimiza miaka 100, kila nchi iliyoshiriki ilipewa nyota na sayari yake kuipa jina. Kenya ikaita zake Kalausi na Buru. Tanzania ilipewa WASP-71, katika kundi la Nyangumi, ikaiita Mpingo, na sayari yake Tanzanite. Mpingo, mti wa huku kusini, mti wa wachongaji wetu, ni jua sasa! Sayari Tanzanite ni jitu lenye uzito zaidi ya mara mbili ya Mshtarii, linalomaliza mwaka wake kwa siku zisizofika tatu na kuungua kwa nyuzi zaidi ya 1,500. Hapo hapakaliki, wala mwezi hauwezi kudumu karibu hivyo na nyota.

Msikate tamaa. Mwaka 2006 Raymond na wenzake walionyesha katika jarida la Science kwamba jitu la aina hiyo likishapita likielekea kwenye nyota yake, sayari za mawe zinaweza kuumbika nyuma yake, tena zenye maji mengi kupindukia. Mpingo ni nyota kubwa na angavu kuliko Jua, imekwisha kutanuka, kwa hiyo ukanda wake wa maji uko mbali. Mimi ningeiweka dunia ya kwanza ya kubuni umbali wa mara tatu ya ule wa Dunia na Jua. Mwaka mmoja wa huko ungekuwa kama miaka minne ya kwetu. Ukiinamisha kidogo mhimili wa sayari hiyo, kiangazi kimoja kingezidi mwaka mzima, na watu wake wangelazimika kuyatunza maji ya masika moja kwa muda wote huo. Anayetaka kuandika hadithi ya Mpingo aanze na visima vyao.