Kura ya Wimbo Isiwe Kura ya Jina

Vijana wenzangu wa kalamu, kuna mchezo umeingia kwenye simu zetu, nao una somo kwa kila anayetaka kuwa mhakiki. Unaitwa Music League. Mada inatolewa, tuseme "safari". Kila mchezaji anatuma wimbo wake. Nyimbo zinapangwa bila majina ya waliozituma. Halafu kila mtu anagawa pointi kwa nyimbo za wenzake. Wa kwako huruhusiwi kuupa hata moja.

Wapo watakaosema: muziki ni ladha, na ladha haina hakimu. Sawa, lakini aliyeikubali mada amekubali mkataba. Hawezi kumnyima mwenzake pointi eti kwa sababu yeye ni mtu wa Bongo Fleva na mwenzake kaleta dansi. Huo si uhakiki, ni ushabiki.

Mchezo unaficha jina la aliyetuma. Jina la aliyeimba haulifichi, na hapo ndipo wengi wanapochemsha. Sisi wa Ilala jambo hili tunalijua tangu enzi za Msondo pale Amana na Sikinde pale DDC Kariakoo. Shabiki wa huku hakutaka kusikia cha kule. Lakini mtazame Muhidin Gurumo: alitoka Juwata akajiunga na Mlimani Park mwaka 1978, akaenda Orchestra Safari Sound mwaka 1985, kisha akarudi Msondo. Sauti ni ileile. Sasa wewe uliyepiga kura kwa bendi, hebu tuambie: sauti hiyo iliharibika mwaka gani, na ikapona mwaka gani?

Kosa la pili ni kupima mada kwa kichwa cha wimbo. Remmy Ongala alitoa "Mambo kwa Soksi". Anayesoma kichwa tu ataupeleka kwenye mada ya mavazi! Soksi ile ni kondomu, na wimbo ni onyo kuhusu ukimwi. Redio Tanzania ilikataa kuupiga. Kutopenda lugha ya wimbo ni jambo moja. Kusema hauna ujumbe ni jambo jingine kabisa. Hakimu mzuri anaweza kutamka: siupendi, ila mada umeipiga barabara.

Kosa la tatu ni haraka. Dansi yetu ya zamani huanza polepole, kisa kikasimuliwa, ndipo magitaa yanapochangamka kuelekea mwisho. Anayekata wimbo baada ya nusu dakika amesoma dibaji akakihukumu kitabu.

Dawa yake? Sikiliza hadi mwisho, mara mbili ukiweza. Kisha jiulize maswali kwa mpangilio. Je, wimbo unaigusa mada? Unaigusa kwa njia ambayo sikuitarajia? Kazi yenyewe, yaani mashairi, sauti na vyombo, imeshikwa vizuri? Swali la "naupenda?" liwe la mwisho, la kuamua pale nyimbo zinapolingana. Halafu andika walau mstari mmoja wa sababu.

Mstari huo ndio wenye uzito. Kijana aliyeleta wimbo wa Marijani Rajab akaambulia sifuri bila neno, raundi ijayo ataleta wimbo ambao kila mtu ameshauchoka, mradi apate pointi. Baada ya raundi kadhaa wote mnatuma vitu vilevile, na mchezo umekufa huku kura zinaendelea kuhesabiwa.

Majarida madogo ya vijana nayo hufa hivyohivyo. Shairi la mwenye jina linapita, la mgeni linarudishwa bila maelezo, na mgeni anajifunza kuiga wenye majina. Kwa hiyo, washikaji, tukizoea kutoa sababu kwenye mchezo wa nyimbo, tutakuwa tumejizoeza kazi yenyewe. Hukumu isiyo na sababu haimfundishi mtu kitu, hata yule aliyeshinda.